SHAURI LISIKATWE VIPANDE



Liko neno linalosemwa sana katika maofisi siku hizi, nalo ni kwamba ukarani umekwisha, kazi sasa ni ya mtambo. Twaambiwa ya kuwa kila ombi, kila dai na kila lalamiko litapita katika kompyuta hatua kwa hatua, na kila mmoja wetu atapewa hatua yake moja tu. Atabonyeza "kubali" au "kataa," na jambo litakwenda zake kwa mwingine asiyemjua. Wenye kutuletea habari hii huileta kwa uso wa furaha, kama watu walioleta maji mjini. Sisi hatukatai maji. Twauliza tu bomba limepita wapi, na nani ameachwa bila mfereji.

Tuanze kwa kuupa mtambo haki yake. Stakabadhi ya kodi, leseni ya gari, nakala ya cheti: kazi hizi ni zile zile kila siku. Mwenye fedha hulipa na hupewa karatasi yake, wala hapana haja ya karani kukaa katikati akikuna kichwa. Mtu aliyekuwa akisimama mstarini tangu alfajiri, kisha akaambiwa mwenye muhuri amekwenda kunywa chai, sasa alipa kwa simu yake ya mkononi na kurudi shambani. Hatubishani na hayo, na mwanachama anayeyapinga kwa kuogopa kupunguziwa ukubwa asitarajie gazeti hili limtetee.

Lakini iko kazi ya namna ya pili, nayo lugha yetu imeipa jina lake: shauri. Neno hili, kama mjuavyo, lina maana mbili. Shauri ni jambo lililoletwa mbele ya mtu ili alitengeneze au aliamue. Tena shauri ni rai anayopewa mtu na mwenziwe baada ya kufikiri. Maana hizi mbili hazikukaa pamoja bure. Jambo lisilotaka kufikiriwa si shauri, ni hesabu tu. Madai ya mirathi, rufani ya mtumishi aliyesimamishwa kazi, ugomvi wa mpaka wa shamba, ombi la mgonjwa la kupelekwa hospitali ya mbali, ukaguzi wa kodi ya mfanya biashara ambaye vitabu vyake viliungua moto: haya yote ni mashauri. Hakuna mawili yaliyo sawasawa. Mwanzo wake hauonyeshi mwisho wake, na katikati huzuka karatasi ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo.

Chukueni mfano ambao kila aliyepata kufanya kazi ya pensheni ataujua. Mjane wa mtumishi aleta madai yake. Cheti cha ndoa chamwita Mwanaisha, kitambulisho chake cha taifa chamwita Aisha. Barua ya mumewe ya kuthibitishwa kazini haionekani, maana wilaya yake iligawanywa na majalada yakahamishwa kwa lori wakati wa masika. Karani mwenye jalada zima mezani hupekua. Katika folio ya 14 aona fomu ambayo marehemu mwenyewe aliijaza miaka 30 iliyopita, akaliandika jina la mkewe kwa namna zote mbili. Katika folio ya 22 aona barua ya kupandishwa cheo, na kwa desturi ya utumishi mtu hapandishwi cheo kabla ya kuthibitishwa. Basi huandika dokezo la mistari minne, huomba hati ya kiapo juu ya majina, hutia sahihi yake, na mama yule apata haki yake kabla ya watoto kutolewa katika nyumba ya kupanga.

Sasa lipelekeni shauri hilo hilo katika mtambo wa hatua. Hatua ya 3: je, majina yanalingana? Hayalingani. Kataa. Karani wa hatua ya 3 hakuonyeshwa folio ya 14, kwa sababu folio ya 14 ni ya hatua ya 7, na hatua ya 7 haifunguki mpaka ya 3 ipite. Mjane aambiwa aanze upya. Aanza upya, na akwama pale pale. Mkimwuliza karani, asema ni mfumo. Mkimwuliza mkuu wake, asema ni mfumo. Mkimwuliza aliyeutengeneza, asema alifuata maagizo ya ofisi. Watu watatu wana mishahara mitatu, na hakuna hata mmoja aliyelisoma shauri.

Wataalamu wa mitambo hiyo wenyewe wameliona kosa hili zamani. Mwaka 2005 Wil van der Aalst, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven nchini Uholanzi, pamoja na wenziwe Mathias Weske na Dolf Grünbauer, walichapisha makala iliyosema wazi ya kuwa mitambo ya kupitisha kazi humweka mfanyakazi kama mtu aliye ndani ya handaki: aona kipande kilicho mbele yake, haoni kilichoko kando. Dawa waliyoitoa ni hii. Mwenye kulishika shauri aonyeshwe habari zote za shauri, si za hatua yake tu. Hatua ifunguke kwa sababu habari zinazotakiwa zimepatikana, si kwa sababu hatua iliyotangulia imebonyezwa. Mtu aruhusiwe kuandika habari pale anapoipata, hata kama zamu ya habari hiyo haijafika, na kuisahihisha hata kama zamu imepita. Tena haki ya kuifanya hatua, haki ya kuiruka na haki ya kuirudia ziwe haki tatu mbali mbali, kila moja ikipewa mtu anayestahili, wala zisichanganywe na neno la nani amegawiwa kazi siku ile. Mwaka 2014 shirika liitwalo Object Management Group la Marekani, ambalo huweka kanuni za kuchora kazi za kompyuta, lilitoa kanuni nzima ya kuchora mashauri ya namna hii, na ndani yake mna alama maalum ya zile kazi ambazo mfanyakazi huamua mwenyewe kama zahitajika au hazihitajiki. Kwa hiyo mwuzaji ye yote anayekuja kutuambia ya kuwa kompyuta haiwezi ila hatua kwa hatua, ama hajasoma kazi yake, ama auza alicho nacho ghalani.

Wenzetu wa masjala watacheka wakisoma haya, maana mengi ya hayo yalikuwa yakifanywa na jalada la karatasi. Jalada la mtindo wa Kiingereza, lililoletwa Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Unguja na watawala wa zamani, lilikuwa na barua zote pamoja, kila moja na namba yake ya folio, na madokezo mahali pake, kila dokezo na namba yake, tarehe yake na sahihi yake. Aliyelishika aliliona shauri zima tangu siku ya kwanza. Aliyetaka kulipeleka moja kwa moja kwa mtu wa mbele alilipeleka, akaandika kwa nini. Aliyetaka lirudi mezani kwake baada ya majuma mawili aliandika B.U. na tarehe, na karani wa masjala akalirudisha siku ile. Hapakuwa na kitu kilichomwambia kwamba zamu yake ya kujua haijafika.

Hatusemi zamani ilikuwa njema. Majalada yalipotea, mengine yaliliwa na mchwa, na mengine yalifichwa kwa makusudi mpaka mwenye shida atoe kitu kidogo. Tena jalada lile lilitumika kututawala. Katika siku za ukoloni kazi ya karani Mwafrika kwa kawaida ilikuwa kufungua barua, kutia namba, kupiga taipu na kulibeba jalada mpaka mlango wa Bwana. Kalamu ya kuamua ilikuwa mkononi mwa mwingine. Tangu Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, vyama vya namna hii vimekuwa vikidai heshima ya kazi ya karani. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Unguja na Kenya 1963, na kalamu ikahama mkono. Sasa, wakati karani wetu amesoma, ajua sheria, ajua na watu wa wilaya yake, ndipo anaponyang'anywa kalamu na kupewa kitufe. Kwa hili twaona uchungu, na hatuoni haya kulisema.

Wako watakaojibu ya kuwa matatizo haya ni ya nchi maskini zinazonunua mitambo ya bei nafuu. Basi turudi Uholanzi, nchi ya mtaalamu yule yule, nchi tajiri. Idara ya kodi ya huko ilikuwa ikiwalipa wazazi ruzuku ya malezi ya watoto wao wakati wazazi wakiwa kazini. Kwa miaka mingi kanuni ilifuatwa hivi: mzazi akikosa sahihi moja, au akishindwa kuthibitisha ya kuwa alilipa sehemu yake yote ya ada, hadaiwi kile kilichopungua, bali adaiwa ruzuku yote ya mwaka mzima. Watu wa mshahara mdogo walijikuta wakidaiwa makumi ya maelfu ya euro. Mtambo uliochagua nani achunguzwe ulitazama, pamoja na mambo mengine, kama mwombaji ni raia wa Uholanzi au si raia, na mamlaka ya kulinda habari za watu ya nchi ile iliamua ya kuwa jambo hilo lilikuwa kinyume cha sheria, tena la kibaguzi. Mwaka 2014 idara ilisimamisha ruzuku za mamia ya wazazi kwa pamoja, kwa sababu tu walikuwa wateja wa wakala mmoja wa malezi, bila kulitazama shauri la kila mmoja peke yake. Na wakala yule alikuwa katika mji gani? Eindhoven, mji ule ule ambao chuo chake kilitoa makala ya mwaka 2005! Elimu ilikuwa ng'ambo ya barabara, na ofisi haikuvuka kwenda kuichukua.

Katika idara ile alikuwamo mwanasheria, Sandra Palmen. Mwezi wa Machi 2017 aliyatazama mashauri yale ya Eindhoven, akaandika dokezo ya kuwa idara imetenda kinyume cha sheria na kwamba wazazi wafidiwe. Tazameni, huyu alifanya hasa kile tunachokidai: alilisoma shauri, akatoa rai, akatia jina lake. Dokezo lake halikufuatwa, na watu wa nje hawakulijua mpaka mwaka 2020. Tarehe 17 Desemba mwaka huo kamati ya Bunge ilitoa ripoti yake, ikasema ya kuwa misingi ya utawala wa sheria ilivunjwa. Tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu yote pia. Ni kweli ya kuwa sheria yenyewe ilikuwa kali, na baraza la juu la rufani liliukubali ukali huo mpaka Oktoba 2019. Hatutaki kumbebesha mtambo mzigo wote. Lakini sheria kali mkononi mwa karani aonaye hupata mtu wa kusema "hapa imezidi." Sheria kali ndani ya kitufe haipati mtu wa kusema neno.

Australia nako mambo hayakuwa mazuri zaidi. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya huko iliweka mpango wa kuwadai watu waliopata posho ya kukosa kazi. Mtambo ulichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka idara ya kodi, ukakigawanya sawasawa katika vipindi 26 vya majuma mawili mawili, ukalinganisha na alichotangaza mtu kila kipindi. Mtu aliyefanya kazi miezi sita na kukaa bila kazi miezi sita, mtambo ulimwona kama aliyekuwa na mshahara mwaka wote, na kwa hiyo mwongo, na kwa hiyo mdaiwa. Zamani mtumishi angeandika kwa mwajiri kuuliza tarehe za mishahara. Sasa mwenyewe ndiye aliyetakiwa kutafuta karatasi za miaka iliyopita ili ajiokoe. Wako watumishi wa ngazi ya chini waliowaonya wakubwa wao, hawakusikilizwa. Mwezi wa Novemba 2019 mahakama ilitamka ya kuwa deni la namna ile halina msingi wa sheria, na mwaka 2020 serikali ikatangaza kurudisha dola milioni 721 kwa madeni yapatayo 470,000. Tume iliyoongozwa na Catherine Holmes, katika ripoti yake ya Julai 2023, haikuuona mpango ule kuwa wa haki wala wa sheria. Hesabuni mishahara ya makarani wangapi ingelipwa kwa fedha hizo, nao wakafanya kazi ya kuuliza tarehe tu.

Sasa twaijia hoja kubwa ya wapinzani wetu, nasi hatutaikwepa. Wasema: karani akiachiwa uhuru atauuza uhuru huo. Akiweza kuiruka hatua, atairuka kwa ajili ya aliyempa bahasha. Mtambo haupokei rushwa.

Hoja hii ina nguvu kwa kuwa aibu hiyo imo miongoni mwetu, na mwananchi anaijua kuliko sisi. Lakini mrudieni yule mjane wa hatua ya 3. Amekataliwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne jirani amwambia: yuko kijana ajuaye mfumo, mwone nyuma ya jengo. Amwona. Kijana abadilisha herufi chache usiku, majina yalingana, mtambo wasema kubali. Rushwa imelipwa, mtambo haukushika lo lote, na katika jalada hapana dokezo hata moja la kuonyesha nani alifanya nini. Mahali penye ugumu usio na mlango wa halali watu hutoboa ukuta. Tena ukuta ukitobolewa, hupita na mwenye haki na mwizi, wala huwezi kuwatambua kwa nyayo.

Uhuru tunaoudai sisi si wa kificho. Ni uhuru wa maandishi. Karani airuke hatua, lakini aandike: nimeiruka kwa sababu hii, folio hii yathibitisha, jina langu ni hili, tarehe ni hii. Mkaguzi akija baada ya miaka mitano alisome dokezo hilo, na kama sababu ni ya uongo, ajua amkamate nani. Karani anayetaka kuuza haki hapendi kuandika sababu; mkimlazimisha kuandika mmemfunga zaidi kuliko kumpa kitufe. Na kompyuta, kwa hakika, yaweza kulitunza dokezo hilo vizuri kuliko karatasi, isipotee, isiliwe na mchwa, wala isibadilishwe bila alama kuonekana. Ndiyo maana tumesema hatukatai mtambo. Twakataa mtambo uliopangwa na mtu asiyemwamini karani, ukamwondolea njia ya kuonyesha kwamba anaaminika.

Iko na aibu nyingine, nayo ni yetu wenyewe. Wako wenzetu wanaoupenda mtambo wa hatua, si kwa kuwa ni mwema, bali kwa kuwa unawapa mahali pa kujibanza. Zamani mzee akija kaunta na shida yake, ilimpasa karani amtazame usoni na kumjibu. Siku hizi ageuza kioo cha kompyuta kidogo na kusema, "Mzee wangu, mfumo umekataa," kisha arudi katika simu yake. Hatia haimgusi, kwa sababu hakuamua lo lote. Ndugu, mtu asiyeamua lo lote hana haja ya mshahara wa afisa, na siku Hazina itakapolitambua hilo, chama hiki hakitakuwa na la kumtetea. Hatuwezi kudai kalamu kwa mkono mmoja na kuificha mfukoni kwa mkono wa pili.

Basi, kabla mtambo wo wote wa mashauri haujatiwa sahihi katika idara zenu, waulizeni wanaouleta. Je, mwenye kulishika shauri ataliona lote, au kipande? Je, akipata barua ya mwisho kabla ya ile ya kwanza, atakuwa na mahali pa kuiingiza? Nani ana haki ya kuiruka hatua, na nani ya kuirudia, na mtambo utamtaka aandike sababu? Mashauri yanayokataliwa yatahesabiwa kwa sababu zake, au kwa idadi tu ili mkuu aseme kazi imekwenda mbio? Na la Palmen lisisahauliwe: karani akiandika rai ya kuwa ofisi imekosea, je, mkubwa asiyeifuata atalazimika kuijibu kwa maandishi katika jalada lile lile? Kwa neno hili la mwisho msikubali jibu la mdomo. Pia waulizeni kama karani ye yote wa kaunta alipata kuulizwa mtambo ulipokuwa ukipangwa, au walikaa hotelini siku tatu na wakuu wa idara peke yao.

Makatibu wa matawi wayaandike majibu watakayopewa, neno kwa neno, na kuyapeleka kwa katibu wa chama kabla ya mkutano ujao wa matawi, ili yasomwe mbele ya wote. Tawi ambalo mtambo wake umekwisha wekwa liandike vile vile: ni mashauri mangapi yaliyokwama, yamekwama katika hatua gani, na tangu lini. Majina ya wenye mashauri yasiandikwe.